Kabla Hamjamwaga Lami

Jijini Dar es Salaam maji hayawagawi watu kwa utajiri na umaskini peke yake. Yanawagawa pia kwa upande wa barabara. Bomba la kusambazia maji hulazwa upande mmoja wa mtaa. Walio upande huo huchimba mtaro mfupi, wakafungiwa dira, wakafungua koki jioni ile ile. Walio upande wa pili, ambao walisimama vibarazani wakitazama bomba lile lile likifukiwa, wanaambiwa: ninyi mna suala la kuvuka barabara. Na hilo suala la kuvuka likishatajwa, mjue fundi hatarudi kesho.

Niseme ninachokitaka mapema, ili atakayekasirika akasirike akiwa na sababu. Mwananchi hapaswi kuiombea, kuilipia wala kuichimba njia ya bomba lake chini ya barabara ya umma. Njia hiyo ni kiungo cha barabara, sawasawa na kalavati na mtaro wa maji ya mvua. Ilitakiwa ilazwe kabla lami haijamwagwa. Barabara ya mtaa inayokabidhiwa bila mabomba ya kuvushia maji haijakamilika, hata kama imekatiwa utepe na ngoma ikachezwa.

Tuanze na sheria, maana wenye ofisi hupenda kuanzia huko. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kuchimba au kupitisha miundombinu yake katika hifadhi ya barabara bila kibali cha mamlaka inayohusika. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanza mwaka 2000. Za mijini na vijijini, ambazo ndizo zinazopita mbele ya nyumba zetu wengi, ziko chini ya TARURA tangu Julai 2017. Sina ugomvi na sheria hiyo. Kila mwenye sururu akiachiwa atoboe anapotaka, tutabaki na vipande vya lami vikielea juu ya tope. Ugomvi wangu ni kwamba sheria imeandikwa kwa ajili ya taasisi kuzungumza na taasisi, lakini anayesimama kaunta ni mama mwenye nyumba ya vyumba vitatu na mkoba wa karatasi.

Mtazame safari yake. Anaanzia kwa wenye maji, anajaza fomu. Sevea anakuja, anatazama huku na huku, anapima kwa hatua, anatikisa kichwa: kuna barabara hapa mama, lete kibali cha wenye barabara. Kwa wenye barabara anaambiwa alete barua ya wenye maji, na mchoro, na maelezo ya nani atarudisha lami katika hali yake. Anarudi kwa wenye maji. Mwenye kusaini yuko semina. Ofisi zote mbili ni za serikali moja, zina simu, zina barua pepe, zina magari yenye namba za serikali yanayopishana kila siku kwenye barabara hiyo hiyo tunayoizungumzia. Tarishi wao ni mwananchi, tena kwa nauli yake. Mwisho wa yote anapewa makadirio: kukata lami, kuchimba, bomba la kinga, kufukia, kushindilia, kurudisha lami. Anayatazama, anayakunja, anayatia mkobani. Kesho yake anachukua dumu.

Mwaka 1971 chama cha TANU kiliahidi kwamba ndani ya miaka ishirini, yaani ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini atapata maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ikazichukua mita hizo hizo 400. Toka hapo tumezoea kuhesabu maendeleo ya maji kwa umbali. Basi mpimeni huyu mama kwa kipimo chenu. Bomba liko mita kumi na mbili kutoka mlangoni kwake. Kwenye taarifa ameshafikiwa, mtandao umepita mtaani kwake, mtaa umepakwa rangi ya buluu kwenye ramani. Kwenye ndoo hajafikiwa.

Na gharama ya kutofikiwa inahesabika bila kalamu. Dumu ni lita 20. Uniti moja ya maji, lita 1,000, ni madumu 50. Akiuziwa dumu kwa shilingi 200, uniti hiyo imemtoka shilingi 10,000. Jirani yake wa ng'ambo, kwa uniti ile ile, hulipa sehemu ndogo tu ya hizo. Halafu maji yenyewe mara nyingi ananunua kwa jirani huyo huyo, yametoka kwenye bomba hilo hilo. Kwa hiyo maji yanavuka barabara kila siku, asubuhi na jioni. Yanavuka kichwani mwa binti wa darasa la sita anayekwepa bodaboda, na kichwa hakiombwi kibali.

Wapo watakaoniambia kwamba kuunganisha huduma kuna gharama zake na anayetaka huduma alipie. Nawakumbusha umeme. Vijijini, chini ya miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), kuunganishiwa umeme kumekuwa kwa shilingi 27,000. Nguzo haikuja kwa fedha hizo, wala waya, wala mita. Serikali iliamua kwamba gharama ya kumfikia mtu isimwangukie mtu mmoja kwa bahati mbaya ya mahali alipojenga. Ulikuwa uamuzi, haukuwa muujiza. Kwa nini kwenye maji, kitu ambacho mtu hawezi kukaa siku nyingi bila kuwa nacho, bei ya kuunganishwa itegemee kama fundi wa miaka ile aliamka akalaza bomba mkono wa kulia au wa kushoto?

Mitaa mingine inatia uchungu zaidi. Wananchi wenyewe ndio waliochimba mtaro wa bomba kuu, kwa kile kinachoitwa nguvu kazi, Jumamosi baada ya Jumamosi, pande zote mbili za barabara zikichangia jasho. Bomba lilipofukiwa, upande mmoja ukapata maji, mwingine ukapata pongezi za mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wahenga walituambia mchimba kisima hakatazwi maji. Hawakuijua hifadhi ya barabara.

Sasa, maji hayakubali kukatazwa. Mama akishindwa kaunta, anakuja kishoka, fundi asiye na kibali.

Kishoka hana fomu. Ana bei, na bei yake ni nafuu kuliko makadirio ya ofisi. Anakuja saa saba usiku na vijana watatu, sururu mbili na tochi ya simu. Wanakata lami kwa mtaimbo, wanachimba futi moja, pengine haifiki. Bomba jembamba la plastiki linalazwa moja kwa moja juu ya mawe. Udongo unarudishwa wote kwa mkupuo, unakanyagwa kwa miguu, na alfajiri kuna kovu jeusi limekatiza barabara na mtaa mzima hakuna aliyesikia kitu. Kila mtu analijua jina la kishoka. Kila mtu pia anajua kwamba wiki ijayo huenda akamhitaji.

Kuvusha bomba sawasawa si elimu ya siri, na naieleza hapa ili mwananchi ajue anachonyimwa. Lami inakatwa kwa msumeno ili kingo zisimame wima. Inachimbwa nusu ya barabara kwanza, magari yapite nusu ya pili. Kina kiwe mita moja au karibu na hapo, kusudi uzito wa magari usambae kabla haujalifikia bomba. Chini unatandikwa mchanga. Juu ya mchanga linalazwa bomba pana, la chuma au la plastiki nzito, linalotokeza pande zote mbili nje ya lami. Hilo ndilo la kuvushia, na ndani yake ndimo linapopita bomba la nyumba. Siku bomba la nyumba likichakaa, linavutwa nje na jipya linaingizwa, barabara haijui kama kuna kilichotokea. Kisha udongo, au afadhali kifusi kizuri, unarudishwa kwa matabaka ya kama sentimita 15, kila tabaka likitiwa maji kiasi na kushindiliwa kwa mashine. Mwisho lami.

Matabaka ndiyo kazi yenyewe. Udongo uliorudishwa wote kwa mara moja, hata ukiupitishia mashine ya namna gani, unakaza juu tu. Chini unabaki na mapengo. Masika yanakuja, maji yanazama, udongo unashuka, kiraka kinabonyea. Tairi ya kwanza inagonga ukingo wa shimo, ya pili inaumega, na baada ya mvua mbili mna mfereji uliokatiza barabara ambao bajaji zinaupanda na kuushuka na wajawazito wanaulaani. Na hapo bado hatujafika kwenye bomba lenyewe lililokaa futi moja chini. Boza la lita 10,000 lina tani kumi za maji, bila kuhesabu gari. Fikirieni kejeli hii: boza limeitwa mtaani kwa sababu mabomba hayajavuka, na linapopita linalipasua lile moja ambalo kishoka alilivusha.

Kuna njia ya tatu isiyohitaji hata sururu, nayo ndiyo inayonitisha kuliko zote. Ni kalavati. Simama kwenye daraja dogo lolote katika mitaa iliyobanana ya jiji hili, inama, chungulia. Utaona mabomba meusi, matano, kumi, mengine hata hayahesabiki, yamepita ndani ya kalavati sambamba na maji machafu, yamefungwa kwa waya na vipande vya mpira wa tairi pale yanapovuja. Kalavati lilijengwa kupitisha mvua. Sasa mifuko, nywele za saluni, majani ya migomba na viroba vinanasa kwenye mabomba hayo, na mvua ikija maji hayapiti, yanageuka kuelekea sebuleni kwa watu. Kisha tunaitisha mkutano wa kuulizana kwa nini mtaa umefurika.

Lakini mafuriko ni shida ya nje ya bomba. Iangalieni ya ndani. Bomba lenye maji yenye presha likiwa na tundu, maji hutoka. Presha ikiondoka, kilichoko nje huweza kuingia. Na presha kwetu inaondoka mara kwa mara. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, jiji zima liliingia kwenye ratiba ya mgao, na hata katika mwaka wa neema kuna mitaa inayopata maji siku mbili kwa wiki. Bomba lililolala kwenye maji ya choo, halina presha, limefungwa kwa kipande cha mpira: mnataka niseme nini kinaingia? Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea Bara na Zanzibar, kikawapata watu zaidi ya 20,000. Sisemi kilitoka kwenye mabomba ya kwenye makalavati. Nasema tumekiandalia njia chini ya kila daraja, na tumeiacha wazi hata leo.

Nani alaumiwe? Kila msimu tunasikia operesheni ya kukamata wezi wa maji, picha za mabomba yaliyong'olewa, maneno makali kuhusu wahujumu wa miundombinu. Kamateni wezi, sawa. Wapo wanaochepusha maji kabla ya dira na kuyauza kwa maboza, hao sina huruma nao. Lakini mtu aliyejaza fomu mara tatu, ana dira, analipa bili kila mwezi, kosa lake ni bomba lake kupita kalavatini kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, huyo mnamwita mhujumu kwa lugha ipi? Aliyehujumu barabara ni yule aliyeichora bila kumwekea njia, akaweka mhuri, akaondoka.

Na hasara haiishii kwake. Taarifa za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, zimekuwa zikionyesha, mwaka baada ya mwaka, kwamba karibu theluthi au zaidi ya maji yanayozalishwa na mamlaka zetu hupotea bila kulipiwa. Sehemu ya maji hayo huvuja kwenye maunganisho ya nyumba, na hakuna unganisho baya kuliko lililozikwa usiku chini ya lami, mahali ambapo fundi wa zamu haoni kitu na haruhusiwi kufukua mpaka apate, mnajua tena, kibali.

Hapa kuna mchezo mdogo ambao wengi hawaujui mpaka bili iwafikie: mahali inapofungwa dira. Desturi ni kwamba bomba kabla ya dira ni mzigo wa mamlaka, baada ya dira ni mzigo wa mteja. Dira ikifungwa ukutani kwako, bomba lote la chini ya barabara ni la mamlaka. Likivuja, maji ni yao. Lakini dira ikifungwa ng'ambo, kando ya bomba kuu, kwa maelezo kwamba ni rahisi kuisoma na ni vigumu kuichezea, basi kipande chote cha chini ya barabara kimekuwa chako. Barabara si yako, huwezi kuichimba, huwezi kuilinda isipitiwe na malori ya mchanga, ila kila tone linalovujia humo unalilipia. Mwenye nyumba anapata bili ya maji yaliyolowesha msingi wa barabara ya serikali. Na kwa kuwa hayo maji yanailainisha barabara kwa chini mpaka inabonyea, anaweza kuambiwa yeye ndiye aliyeiharibu!

Tufike kwenye fedha, kwa sababu ndipo hoja zote hukimbilia. Wakala wa barabara anasema bajeti yake ni ya lami, haina maji. Mamlaka ya maji inasema bajeti yake ni ya maji, haina lami. Ningeyaamini haya kama nisingejua tunavyokatwa. Tangu mwaka wa fedha 2015/16, kila lita ya petroli na dizeli ina shilingi 50 za Mfuko wa Maji. Kila lita hiyo hiyo ina tozo ya barabara, na mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za TARURA. Kijana wa bodaboda akiweka lita mbili asubuhi amelipia maji na amelipia barabara, kwa pampu moja, kwa risiti moja. Fedha hizi mbili zinakutana kwenye tangi la pikipiki yake kila siku ya Mungu. Zinashindwaje kukutana chini ya mtaa wake?

Isitoshe, gharama ninayoidai ni ndogo mno ikiwekwa kwa wakati wake. Barabara inapojengwa, udongo uko wazi. Greda lipo, mashine ya kushindilia ipo, mhandisi yupo na kofia yake. Kulaza bomba tupu la mita chache kukatiza barabara hiyo, kila baada ya nyumba kadhaa, ni kazi ya kibarua na saa chache. Hakuna lami ya kukatwa wala ya kurudishwa. Siku moja baada ya lami kumwagwa, kazi hiyo hiyo inahitaji msumeno, kibali, dhamana, foleni ya magari na kiraka ambacho hakitafanana na barabara milele. Tofauti ya bei hapo hailetwi na mabomba. Inaletwa na kuchelewa.

Wala si lazima kila nyumba iwe na tundu lake. Njia iliyo bora zaidi, na mhandisi yeyote wa maji atakubali akiwa hajavaa tai ya kikao, ni kuvusha mara moja tu kwa bomba la kusambazia lenye upana wa kutosha, kisha kulaza mstari mdogo upande wa pili, na kila nyumba ijiunge upande wake yenyewe. Barabara inatobolewa mara moja badala ya mara ishirini. Zikibaki nyumba za pembeni ambazo mstari huo haukuzifikia, ndizo zipitie kwenye mabomba ya kuvushia yaliyolazwa yakisubiri, yamezibwa midomo na kuwekewa alama kwenye ukingo wa barabara ili asije mtu miaka kumi baadaye kuyatafuta kwa kubahatisha.

Nimesikia na hofu ya wahandisi wa barabara, nayo naiheshimu kuliko zile porojo za bajeti: maji chini ya lami ni adui wa barabara. Kweli. Ndiyo sababu ninazungumzia bomba ndani ya bomba. Likivuja, maji yanafuata bomba pana mpaka mdomoni na kujitokeza kando, yanaonekana, yanarekebishwa. Bomba la kishoka ndilo linalovujia tumboni mwa barabara na kuila kimyakimya. Anayeyaogopa maji chini ya lami ndiye angekuwa wa kwanza kudai mabomba ya kuvushia.

Kwa barabara ambazo tayari zina lami hatuna udhuru wa kusema tumechelewa. Kutoboa chini kwa chini bila kukata juu si teknolojia ya jana: mwaka 1971, huko California, kampuni ya Martin Cherrington ilipitisha bomba chini ya Mto Pajaro kwa kuchoronga kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Kama mto ulivukwa miaka hiyo, mtaa wa mita saba unatushinda nini? Tena kwa bomba la nyumba hakihitajiki hata chombo kikubwa. Ipo mashine ndogo inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa, inayojigonga ardhini na kusonga mbele kama fuko, kutoka shimo la upande huu hadi shimo la upande ule, ikiacha tundu la kupitisha bomba. Mamlaka za maji zenye wateja maelfu kwa maelfu zinaweza kuwa na mashine hizo wilayani na kuvusha mtaa mzima kwa siku chache, kwa kibali kimoja cha mtaa mzima badala ya vibali arobaini vya nyumba arobaini.

Mafundi wetu, kwa ubunifu wao, wana njia yao: wanachimba shimo kila upande, wanafunga bomba la chuma kwenye mpira wa maji na kulisukuma huku maji yakichimba mbele yake. Linavuka, na lami haijaguswa. Nawavulia kofia. Ila maji hayo hayachimbi kwa kipimo. Kwenye udongo wa kichanga yanaacha pango kubwa kuliko bomba, na pango hilo halionekani mpaka siku lori litakapolionyesha. Ufundi upo mitaani. Uliokosekana ni usimamizi, na usimamizi hauji kwa kumfukuza fundi usiku.

Na tusidhani haya ni ya vichochoroni tu. Bomba kuu la Ruvu Juu linafuatana na Barabara ya Morogoro mpaka kwenye matangi ya Kimara. Kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, barabara hiyo imepanuliwa kufikia njia nane, na kabla ya hapo, mwaka 2017, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kila upande zilibomolewa. Sitaki kufungua kidonda hicho leo. Nauliza tu: kwenye barabara ya ukubwa huo, ni raia gani atavusha bomba lake la nusu inchi? Hayupo, na hatakuwepo. Kivuko kisipokuwa kwenye mchoro wa kwanza, hakitakuwepo kamwe. Barabara kubwa inatuonyesha kwa uwazi kile ambacho mtaa mdogo unakificha, kwamba kuvuka ni kazi ya mwenye barabara na mwenye maji wakiwa wamekaa meza moja kabla mashine haijawashwa.

Wakati ninaandika, mitaa ya Dar es Salaam inachongwa tena. Mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam (DMDP) uko katika awamu ya pili, na makandarasi wako kwenye kata ambazo hazijawahi kuona lami. Nimefurahi, nani hatafurahi kuagana na vumbi na tope? Mikataba ya barabara kama hizi huwa na fungu la kuhamisha mabomba na nguzo zilizo njiani. Kwa hiyo watu wa maji wanaitwa. Wanakuja, wanahamisha bomba lao kando, wanaondoka. Wanaitwa kuliondoa bomba njiani, na hakuna anayewaambia wakiwa hapo hapo walivushe. Mtaro umefunguliwa, mafundi wapo, viungo vipo kwenye gari, na upande wa pili wa barabara watu wamesimama na madumu wanatazama.

Waziri mwenye barabara za mitaa na waziri mwenye maji hawahitaji sheria mpya kulimaliza hili. Waraka mmoja wenye sahihi mbili unatosha: hakuna barabara ya mtaa itakayopokelewa kutoka kwa mkandarasi bila mchoro unaoonyesha bomba limevuka wapi, na hakuna mwananchi atakayetumwa ofisi moja kuchukua barua ya ofisi nyingine. Dira ifungwe upande wa nyumba. Bei ya kuunganishwa iwe moja, pande zote mbili za lami.

Waraka huo usipotoka, basi lianzie chini. Kila mradi huanza na mkutano wa kumtambulisha mkandarasi, kwa kawaida kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au chini ya mwembe wa shule, na mwisho wake huulizwa kama kuna mwenye swali. Watu huuliza kuhusu fidia na ajira za vijana, ni haki yao. Safari hii aombwe mkandarasi afungue michoro mezani, aonyeshe kwa kidole mabomba ya kuvushia maji yako wapi, mangapi, kina gani. Akisema hayamo, greda likae hapo lilipo mpaka mtu wa maji na mtu wa barabara waje kuyachora, wote wawili, siku moja, mbele ya watu wa upande wa pili.